Vijiji vya Mawe vya Ureno: Kipi Ulipie Kulala?

Mchana vyote vinafanana: vichochoro vya mawe, paka, duka la asali, basi la watalii. Jioni basi likishaondoka ndipo unapojua hela yako imenunua nini. Kwa hiyo nimevipanga kwa usiku wake.

1. Monsanto. Hapa sina ubishi. Nyumba za graniti zimejibanza katikati ya majabali yanayozizidi ukubwa; nyingine jabali ndilo ukuta, nyingine ndilo paa. Mwaka 1938 kilishinda shindano la kijiji chenye Ureno halisi kuliko vyote, na zawadi ilikuwa jogoo wa fedha, ndiyo maana utaona jogoo juu ya mnara wake. Watu wakishapungua, panda ngomeni ukatazame jua likizama upande wa tambarare. Ukitaka zawadi, achana na sumaku za friji, nunua marafona: mwanasesere wa kitambaa asiye na macho wala mdomo. Zamani aliwekwa chini ya kitanda cha maharusi ili wapate watoto, na kwa sura hiyo haoni wala hasimulii. Kasoro ni mlima. Sanduku la magurudumu litakuadhibu, beba begi la mgongoni.

2. Piódão. Nyumba za shisti, jiwe jeusi linalobanduka kama kurasa, zimepangana mlimani kama viti vya uwanjani, milango na madirisha rangi ya buluu. Husimuliwa kwamba duka la pale lilikuwa na rangi hiyo tu. Taa zikiwaka usiku, simama ng'ambo ya kijiji utazame. Ila barabara ni kona tupu, usiifikie gizani.

3. Belmonte. Kwa uzuri kingekuwa cha mwisho. Nimekipandisha kwa sababu kina kituo cha treni, na kwa sababu ni kwao Pedro Álvares Cabral, yule aliyetia nanga Kilwa mwaka 1500, miaka mitano kabla Wareno hawajarudi kuuteka mji. Ukitoka pwani yetu, ngome ya ukoo wake huitazami kwa jicho la mtalii. Hapo hapo kuna Wayahudi ambao wazee wao walificha dini yao kwa karne kadhaa. Sinagogi lao lilifunguliwa mwaka 1996.

4. Talasnal. Ni karibu na Coimbra, kwenye milima ya Lousã. Nenda mwishoni mwa Septemba au Oktoba mwanzoni, usiku usikie kulungu dume wakinguruma msituni. Chakula chake ni chanfana, nyama ya mbuzi iliyopikwa kwa mvinyo mwekundu. Asiyegusa pombe aulize kwanza.

5. Sortelha. Ndani ya kuta zake ni pazuri mno, na pakimya mno. Saa mbili za mchana zinatosha.

Isipokuwa Belmonte, kodi gari. Nyingi ni za gia za mkono, kwa hiyo mzoefu wa otomatiki aagize mapema. Afueni ni kwamba tozo za barabara kuu ya A23 na za sehemu kubwa ya A25 zilifutwa Januari 2025. Agosti epuka ukiweza: joto kali na mioto ya misitu. Na kabla ya kulipia chumba cha Januari, muulize mwenye nyumba kuhusu kipasha joto, maana kuta za mawe huhifadhi baridi kama mtungi. Akijibu kwamba blanketi zipo za kutosha, tafuta kwingine.