Uzoefu wangu na absoluti ya asumini: mililita 5, miezi minane

Mimi hutengeneza manukato ya maua na mimea mitupu hapa Mombasa, mengi yakiwa ya maharusi. Miezi minane iliyopita nilinunua absoluti, yaani kiini kizito cha harufu ya ua, ya asumini ya Tamil Nadu, India, mililita 5 kwa Sh4,500. Chupa bado haijafika nusu.

Kabla yake nilikuwa nimeuziwa na muuzaji mwingine chupa iliyoandikwa "mafuta ya asumini yaliyotolewa kwa mvuke". Yalikuwa mepesi, meupe kama maji, na harufu yake ya asubuhi ndiyo hiyohiyo ya jioni. Iliniuma sana nilipojua baadaye kwamba asumini haistahimili mvuke: joto huiharibu. Maua huloweshwa katika heksani, kimiminika cha kuyeyusha harufu, ikiondolewa hubaki nta nzito ya maua, nta hiyo huoshwa kwa spiriti, na spiriti ikishavukizwa ndipo hupatikana absoluti. Kwa hiyo ukiona neno "mvuke" kwenye chupa ya asumini, weka pesa zako mfukoni.

Hii ya sasa ni nzito, ya rangi ya kahawia iliyoiva. Siku ya kwanza niliifungua nikasikitika. Ilinukia kama vile vidonge vyeupe vya kabatini, na chini yake kitu cha mnyama. Hiyo ni indoli, kemikali yenye harufu kali, nayo imo hata ndani ya ua bichi, ila ikikusanyika hivi hukupiga puani. Usiihukumu chupa kwa kuinusia mdomoni. Nilipima kwa mizani gramu 1, nikaizimua kwa gramu 9 za spiriti safi, nikaiweka kabatini gizani. Wiki ya tatu nikadondosha tone moja kwenye karatasi, nikatoka kwenda sokoni. Niliporudi chumba kizima kilikuwa kikuba cha bibi yangu, kile kishada cha maua ya kunukia: asumini iliyofunguka usiku, na nyuma yake majani ya chai. Nilikaa kitandani nikalia kidogo.

Kwenye kazi, kosa langu lilikuwa kuitia nyingi. Matone manne ya huo mchanganyiko yalimeza waridi na sandali zote. Sasa natia moja, naijazia langilangi ya Komoro. Hapo pia angalia daraja: mafuta yanayotangulia kutoka mtamboni huitwa ekstra, ndiyo yenye utamu wa ua; daraja la tatu, linalotoka saa nyingi baadaye, ni zito na linafaa zaidi kwa sabuni.

Wateja huniuliza kilua, ua la kunukia la pwani. Kilua hakipatikani chupani popote nilipotafuta. Mti wake ni wa misitu ya pwani yetu, Kenya na Tanzania, na wanasayansi waliuita kwa jina letu lenyewe, Mkilua fragrans. Ni jamaa wa mlangilangi na mstafeli. Nililowesha vilua kwenye mafuta ya nazi, nikibadilisha maua kila siku. Mara ya kwanza yalichacha kwa sababu maua yalikuwa na umande. Mara ya pili niliyaanika kivulini saa chache kwanza, nikapata mafuta yanayonukia taratibu, karibu na ngozi tu. Yakikutana na tone la asumini hii, kilua kinapata sauti. Mchanganyiko huo peke yake umenirudishia gharama ya chupa.

Jaribu kwanza ndani ya mkono, usubiri siku nzima. Mteja wangu mmoja aliwashwa.

Naipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu kibandiko kinasema "asumini" basi, na sokoni kuna aina mbili: grandiflorum, na sambac ambayo ndiyo yetu ya vikuba. Ilibidi niwaandikie dukani. Walinijibu siku ya pili: ni sambac.