Mtandao wa wamiliki wa famasi: unanifaa, ila walinde siri za wagonjwa

Mwenye famasi moja, asiye na kampuni kubwa nyuma yake, huamua mengi peke yake. Mtandao wa wamiliki niliojiunga nao umeniondolea upweke huo. Manunuzi ya pamoja yanasaidia kweli: msambazaji anayeninyima punguzo kwa katoni chache za dawa ya amoksisilini hutusikiliza tukiagiza kwa mkupuo.

Ninachothamini zaidi ni tahadhari. Mwenzetu akitilia shaka lebo ya dawa, hutuma namba ya bechi, yaani ya kundi la dawa zilizotengenezwa pamoja, nami nakagua rafu zangu kabla mgonjwa hajafika dirishani. (Kuripoti kwa mamlaka ya dawa kunabaki palepale.) Kwao pia nilijifunza kuweka kwenye friji ya insulini, inayotakiwa kuwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, kipimajoto kinachorekodi usiku kucha.

Mikutano yao inachosha. Wauza programu hula muda mwingi. Lakini kinachoniudhi hasa ni wanachama wanaotuma picha za cheti cha daktari jina la mgonjwa likisomeka. Wasimamizi wazifute papo hapo, na anayerudia aondolewe.