TAHADHARI Arusha na Moshi: hiyo chipu ya kubana mafuta ni taa tu, msitoe hela

Wakuu habari za saivi. Naandika haraka maana jana nimemkuta kijana anaendesha Noah ya abiria njia ya Ngaramtoni kanunua mbili, moja ya kwake moja ya bosi wake, na imeniuma sana. Kuna jamaa anazunguka na kiboksi kidogo cha kijani, anavizia watu pale wanapooshea magari na magereji, anakuambia ukichomeke kwenye ile soketi ya kupimia gari chini ya usukani na ulaji wa mafuta unashuka asilimia 35. Mi alinipiga elfu 85.

Maneno yake ndo yananasa watu. Anasema gari za Japani kontroli boksi yake, yani kompyuta ya injini, imesetiwa kwa hewa ya kule, huku kwetu tuko juu, hewa nyepesi, kwaiyo kompyuta inamwaga mafuta bila kujua na chipu inakuja kuifundisha. Ukimsikiliza unaona kweli kabisa. Hewa ya huku ni nyepesi, hapo hajadanganya, Arusha mjini ni kama mita 1,400 toka usawa wa bahari, lakini kontroli boksi haikisii hewa jamani, inaipima! Kuna sensa kwenye njia ya hewa inayopima hewa inayoingia saa hiyohiyo, kuna ya kuangalia throtoli, ule mlango wa hewa, imefunguka kiasi gani, kuna ya joto la maji, zote zinapeleka taarifa ndo kompyuta inaamua nozeli ya kupuliza mafuta ifunguke muda gani, na hapo ukigawa sekunde moja mara elfu tunaongelea vipande vichache tu. Alafu haiishii hapo. Kwenye eksozi kabla ya masega, kile cha kusafisha moshi, kuna oksijeni sensa inanusa moshi unaotoka. Lengo ni kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Mafuta yakizidi sensa inatoa volti karibu 0.9, hewa ikizidi inashuka mpaka kama 0.1, na kompyuta inapunguza, inaongeza, inapunguza, hivyohivyo muda wote unaoendesha. Kwaiyo hata hicho kiboksi kingekuwa na uwezo wa kupunguza mafuta, oksijeni sensa ingeona hewa imezidi na kompyuta ingerudisha yaleyale.

Sasa ujanja wake mkubwa ni huu. Aliniambia nijaze tenki, nikapime kwa safari ya kwenda Moshi. Nikaenda, kweli mafuta yakatumika kidogo, nikampigia simu kumshukuru na nikampa namba ya shemeji yangu, kitu ninachojutia mpaka leo. Moshi iko chini ya mita 1,000, yani toka Arusha unateremka karibu njia nzima! Kurudi nikapandisha, mafuta yakaenda vilevile kama zamani, nikampigia, akasema chipu bado inajifunza, subiri kilomita 240. Nikasubiri. Zilipoisha namba haipatikani.

Fundi wangu wa mtaa wa Unga Limited akakifungua tukiwa wote. Ndani kuna kibao kidogo, kitaa kimoja cha kuwakawaka na kibatani. Soketi ya gari ina matundu 16, mazungumzo ya kompyuta yanapita namba 6 na 14, gari za zamani kidogo namba 7, na kwenye kile kiboksi hizo pini zote hazijaungwa na chochote. Zilizoungwa ni za umeme tu, namba 16 na yenzake ya athi. Kinakula betri yako kuwasha taa basi.

Na ugonjwa wenyewe wa gari yangu ulikuwa mwingine kabisa. Ile taa ya bluu ya injini ya baridi ilikuwa haizimiki mpaka nafika Usa River, mi nikadhani ni baridi la mwezi wa saba. Fundi akachomeka mashine, inasoma maji nyuzi 41 wakati paipu ya rejeta huwezi hata kuishika. Sensa ya joto la maji imekufa, kompyuta inaamini injini bado ya baridi, inaongeza mafuta kila siku, kila safari, na kwa hali hiyo hata oksijeni sensa haisikilizwi vizuri. Kubadilisha sensa na ufundi havikufika hata nusu ya elfu 85. Kwaiyo gari ikianza kunywa mafuta ghafla naomba sana ipelekwe ikapimwe na mashine kwanza, sensa zisomwe injini ikiwa ya moto, mtu asikuuzie dawa hajaona ugonjwa.

Wiki hii nimeambiwa yuko Boma Ng'ombe na anaelekea Moshi mjini, anauza elfu 60 saivi na anasema ni ofa. Wambieni madereva wa huko, hasa wanaopeleka hesabu kwa bosi kila jioni. Akikufata mwambie akifungue mbele yako kabla hujatoa hela, nyuma kuna skrubu mbili tu.