Kunoa wembe wa kukunja nyumbani: uzoefu wangu na jiwe la 1000/6000 na mkanda wa ngozi

Wadau wa ndevu, hasa nyie mnaotoka vipele kila mkinyoa, hii ni yenu. Natumia wembe wa kukunja, ule wa zamani ambao mpini ndio ala yake, siyo shaveti ya saluni ya kuweka kipande cha wembe na kutupa. Wangu ni wa Solingen, Ujerumani, upana 5/8 ya inchi yani kama milimita 16 toka mgongoni mpaka kwenye makali, chuma cha kaboni kinachoshika kutu. Kunyoa nao nilishazoea, tatizo lilikua kunoa, maana hapa Dar sikupata fundi wa kumwachia. Yule wa baiskeli anayepita mtaani na jiwe la kuzungusha kwa pedeli yuko vizuri kwenye visu na mapanga, ila wembe usimpe, lile jiwe linakwangua sana na linapasha chuma moto, na makali membamba vile yakishaungua ugumu umeondoka hapo. Ndio nikaamua ninunue vifaa nijifunze mwenyewe.

Nilichonunua ni jiwe la maji la Kijapani lenye pande mbili, 1000 na 6000 (namba za chembe za jiwe, kadiri namba inavyokua kubwa ndivyo jiwe linavyokua laini zaidi), mkanda wa ngozi wa kupitishia makali wenye kitambaa kigumu upande wa nyuma, na dawa ya kijani ya kung'arishia makali, kromiamu oksaidi yenye chembe za maikroni 0.5. Vingine vilikuepo nyumbani: mafuta ya cherehani, marka peni, tepu nyeusi ya mafundi umeme, kipande cha kioo kinene na msasa wa maji.

Kilichonipa moyo ni kwamba pembe ya kunolea imeshawekwa kwenye wembe wenyewe. Kisu unakadiria kwa mkono, wembe hapana, unaulaza ubapa kabisa, mgongo na makali vyote viguse jiwe kwa pamoja, na unene wa mgongo ndio unaotoa pembe, kama digrii 16 au 17 hivi. Kwa iyo hata mtu asiye fundi anaweza. Ila ujue mgongo nao unalika, ndio maana mi naweka tepu safu moja mgongoni, ikichakaa nabandika nyingine, na nikianza na tepu kwenye 1000 naendelea nayo mpaka 6000, maana ukiitoa katikati mgongo unashuka na makali yenyewe hayafiki tena kwenye jiwe.

Kabla ya yote jiwe liwe bapa. Aisee hapa nasisitiza kuliko pengine popote, kwa sababu haya mawe ni laini, yanalika katikati haraka, na jiwe lenye shimo huwezi kunolea wembe hata ukeshe. Nachora mistari ya penseli jiwe zima, naweka msasa wa maji juu ya kioo, namwaga maji, nasugua jiwe pale mpaka mistari yote iishe. Mstari ukibaki katikati, hapo bado kuna bonde. Jiwe jipya pia lifanyie hivyo, usiamini lilivyotoka kwenye boksi.

Upande wa 1000 naloweka mpaka lisitoe tena mapovu, kama dakika 10 au 15, upande wa 6000 naunyunyizia tu. Kazi kubwa ni 1000, hapa ndipo makali yanapozaliwa, ukiharakisha hapa huko mbele kote ni kupoteza muda. Napaka marka kwenye ule mchirizi mwembamba pembeni ya makali, nasukuma mara moja, naangalia wino umetoka wapi. Ukibaki kuelekea ncha au kisigino cha wembe (mwisho wa makali upande wa mpini) ina maana hapo hapagusi. Na kwa vile wembe una urefu wa kama inchi 3 na jiwe ni jembamba kuliko huo, unasukuma makali yakitangulia huku unavuta kwa pembeni, unaanza kisigino kikiwa juu ya jiwe na unamalizia na ncha, ukigeuza unageuzia mgongoni, kamwe usigeuzie kwenye makali. Nikishaona wino unatoka wote nainua makali yaelekee kwenye taa, sehemu inayomeremeta bado ni butu, makali yaliyokamilika hayaakisi mwanga, alafu napitisha kwenye vinyweleo vya mkono kuanzia kisigino hadi ncha. Pote pakikata ndio nahamia 6000, pasipokata narudi kwenye jiwe, hamna njia ya mkato.

6000 ni mkono mwepesi tu, uzito wa wembe wenyewe unatosha, ukikandamiza unakunja makali uliyotoka kuyatengeneza. Maoni yangu ya wazi: ukitoka 6000 moja kwa moja ukanyoe, unanyoa, lakini ngozi inawaka hasa shingoni. Wenye uwezo wanaenda mawe ya 8000 na 12000 na matokeo ni mazuri kweli, ila kwa bajeti ya kawaida ile dawa ya kijani inaziba pengo. Napaka kidogo sana kwenye kipande cha ngozi cha pembeni (usipake kwenye mkanda wako wa kila siku, ukishapaka hautoki) napitisha kama mara 15 mgongo ukitangulia, na tofauti unaisikia palepale kwenye shavu, wembe unateleza badala ya kukwaruza.

Sasa mkanda wa ngozi, ambao kwangu ndio kifaa chenye thamani kuliko vyote, maana jiwe nalitoa mara chache lakini ngozi natumia kila ninaponyoa. Kitambaa kwanza, alafu ngozi mara 50 au 60, mgongo ukitangulia siku zote, mkanda ukiwa umevutwa ukakaza, ukiuacha ulegee unabinuka na makali yanajizungusha yanakua butu. Anza polepole, spidi itakuja yenyewe. Kama huna hela ya mkanda maalum, mkanda wa suruali wa ngozi halisi, mpana, usio na mishono wala nakshi, unafanya kazi, na kitambaa cha jinzi kinashika nafasi ya kile cha nyuma. Ukitunza hivi unakaa miezi bila kugusa jiwe, na wembe ukianza kuvuta ndevu unarudi kwanza kwenye dawa ya kijani, jiwe baadae.

Kwenye vipele: ndevu zetu za kipilipili zikikatwa chini ya usawa wa ngozi zinajikunja na kuchomea ndani, ndio kipele hicho. Wembe wa kukunja wenye makali mazuri unakata kwa pasi moja kufuata ndevu zinakoelekea, umeulaza kama digrii 30, ngozi umeivuta kidogo tu, na unaishia hapo, usirudi kinyume kutafuta ulaini wa mtoto. Shingo yangu imetulia toka nianze hivi. Wembe butu ndio hatari, unakufanya urudie rudie palepale.

Kwa sisi wa pwani kuna adui mkubwa kuliko ndevu, unyevu. Hewa ya Dar au Tanga au Mombasa inatoa doa kwenye chuma cha kaboni usiku mmoja tu kama umeacha tone la maji. Suuza, futa na tishu mpaka kwenye riveti ambapo maji hujificha, pitisha kwenye kitambaa cha mkanda, kisha paka tone la mafuta ya cherehani, na usiuweke bafuni. Mi nauweka kabatini kwenye boksi pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu. Na jamani huu siyo wa kuazimana, hata kaka yako wa tumbo moja mkatalie, kuna virusi vya UKIMWI na homa ya ini B, na kuuloweka kwenye klorini siyo suluhisho kwa sababu klorini inakula chuma.

Anayetaka kuanza namshauri atafute wembe wa zamani wa Solingen, au wa Sheffield, Uingereza, kuliko vile vya bei chee vya mtandaoni, ambavyo vingine chuma chake ni laini kiasi kwamba unanoa leo na kesho hamna kitu. Ukiuangalia mkononi, kutu ya juu ya ubapa isikutishe, inasafishika, ila ikishachimba mpaka kwenye makali achana nao. Angalia ufa mdogo karibu na ncha, angalia mgongo umelika sawasawa pande zote mbili, na ulaze kwenye kioo cha simu uliyoizima uone kama umepinda.