Tusome ya Kenya: mwongozo, kitabu na mguu wa afisa

Tusome ikitajwa, wengi hukumbuka vishikwambi. Ukiichambua vizuri utaona kishikwambi ni sehemu ndogo tu. Mpango huu wa kusoma katika madarasa ya chini ulianza kusambazwa katika shule za msingi za umma nchini Kenya mwaka 2015, kwa fedha za Marekani na Uingereza, shirika la RTI International likiutekeleza pamoja na Wizara ya Elimu. Uzito wake uko kwenye vitu vitatu: mwongozo wa mwalimu, kitabu cha kila mtoto, na afisa anayeingia darasani.

Mwongozo unampa mwalimu somo la nusu saa hatua kwa hatua. Kiswahili kinafundishwa kwa silabi: ma, me, mi, mo, mu, kisha silabi zinaungwa kuwa maneno, na zile nzito kama mba na nywa zinafuata baadaye. Kiingereza kinaanzia kwenye sauti za herufi, kwa kuwa tahajia yake haimtendei mtoto haki. Katika kila kipengele mwalimu anasoma mwenyewe, anasoma pamoja na darasa, halafu anawaachia watoto wasome.

Hatua ya tatu ndiyo inayoliwa na kengele. Kusoma kwa pamoja kunanoga, sauti zinapanda, mwalimu anaamini wote wamepata. Lakini katika darasa la watoto sabini, wengi hufuata mdomo wa jirani. Dawa ni kukata kiitikio mapema, kila mtoto aweke kidole chini ya neno, na mwalimu apite nyuma kabisa asikilize watano au sita mmoja mmoja. Kasoro nyingine ni kalenda. Masomo yamepangwa kwa wiki na siku, na mtoto aliyekosa wiki mbili kwa malaria au mafuriko anarudi na kukuta wenzake wako mbali. Mwalimu anayesita kuuacha mwongozo kwa siku moja ili arudie silabi humpoteza mtoto huyo. Anahitaji ruhusa ya wazi ya kurudia, tena iandikwe kwenye mwongozo wenyewe.

Pamoja na hayo, mwongozo usiondolewe. Katika majaribio ya PRIMR, mradi wa kusoma na hesabu uliotangulia Tusome, kati ya 2011 na 2014, shule zililinganishwa kwa makundi: zilizopata mafunzo na ziara pekee, zilizoongezewa vitabu, na zilizopata vyote pamoja na mwongozo. Kundi la mwisho ndilo lililofanya vizuri zaidi kwa fedha zilizotumika. Wapangaji wa bajeti wanaopenda semina za hotelini wangeanzia kusoma hapo.

Kuhusu vitabu, kipimo ni kimoja kwa mtoto mmoja, bila kupunguza. Watoto watatu wakichangia kitabu, wa katikati anasoma na wa pembeni wanaangalia maandishi kwa mshazari. Kinachoharibu ni stoo: mwalimu mkuu anaogopa hasara, anafunga vitabu kabatini, navyo vinabaki vipya hadi mtaala unabadilika. Kitabu cha darasa la kwanza kinachanika kikitumiwa. Fungu la kuvibadilisha liwekwe tangu mwanzo.

Sehemu bora kuliko zote ni ziara. Afisa wa mtaala anakaa nyuma kwa somo zima, anaandika hatua zilizofanyika na zilizorukwa, kisha anachagua watoto watatu. Kila mmoja anasoma kifungu kwa dakika moja. Maneno yaliyosomwa, toa makosa, unapata kasi yake. Lengo la ufasaha ni maneno 45 kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza. Baada ya hapo anaongea na mwalimu juu ya jambo moja au mawili tu, maana orodha ya makosa kumi haimfikishi popote. Chini ya Tusome, kishikwambi kilitunza alama, muda na mahali, na nauli ilirudishwa kwa ziara zilizothibitishwa hivyo. Nauli ikichelewa, shule za mbali ndizo za kwanza kusahaulika.

Jaribio lililofanywa Kisumu lililinganisha kumpa kifaa cha kidijitali afisa, kumpa mwalimu, au kumpa mtoto. Matokeo ya kusoma hayakutofautiana kiasi cha kuhalalisha gharama kubwa zaidi, kwa hiyo kifaa kibaki kwa afisa.

Pengo liko chekechea. RTI ilijaribu mtindo huohuo kupitia mpango wa chekechea uitwao Tayari katika kaunti nne: Siaya, Uasin Gishu, Laikipia na Nairobi. Lakini chini ya Katiba ya 2010 elimu ya awali ni jukumu la kaunti, ilhali afisa wa mtaala analipwa na TSC, tume ya kitaifa inayoajiri walimu. Afisa anaweza kupita mlango wa PP2, mwaka wa mwisho wa chekechea, akielekea Gredi ya 1 katika kiwanja kilekile, na asiwe na sababu ya kuingia. Kaunti inayotaka kufundisha walimu wake wa chekechea kwa njia hii iajiri maafisa wake, iwape shule chache zinazofikika kila mwezi, na mafuta ya pikipiki yawe na mstari wake kwenye bajeti, kabla ya kununua hata kishikwambi kimoja.