Kisanduku cha dawa cha siku saba: miezi 11 mkononi mwa fundi anayesahau

Nilikinunua Kariakoo, kwenye duka dogo la vifaa vya hospitali, kwa shilingi 12,000. Muuzaji alianza na 15,000. Nikamwambia mimi ni fundi, bei ya plastiki naijua. Ufundi wangu ni wa cherehani na plastiki siijui hata kidogo, lakini alishusha.

Ni kisanduku bapa chenye safu saba, kila safu siku moja, na kila siku ina vyumba vitatu: asubuhi, mchana, usiku. Jumla vyumba 21. Safu ya siku moja inachomoka, unaitia mkobani na kuziacha nyingine nyumbani. Nimekitumia tangu mwaka jana, kimeanguka mara nyingi, kimewahi hata kumwagikiwa chai, kwa hiyo ninachokisema nakijua.

Niseme kwanza nina nini, maana mtu mwenye kumbukumbu nzima akisoma atashangaa plastiki imekuwaje habari. Nina multipo sklerosisi, MS kwa kifupi. Kinga ya mwili inageuka na kushambulia utando unaozifunika neva za ubongo na uti wa mgongo. Mafundi wenzangu nikiwaambia ni kama waya wa pasi uliochubuka, wananielewa hapo hapo: umeme unapita, lakini unakatikakatika. Kwangu ulianza mwaka 2019 kwenye jicho la kushoto. Liliniuma, kisha kitenge chekundu nikawa nakiona kimepauka kama kimelazwa kwenye jiki. Nikamrudia mwenye duka la vitambaa kugomba kwamba kaniuzia kitambaa kinachochuja. Maskini, kitambaa chake kilikuwa kizima. Majirani walisema jini, wengine presha. Ubishi uliishia kwenye MRI, ile mashine inayopiga picha za ndani ya mwili.

Miguu kukaza niliambiwa. Ganzi niliambiwa. Uchovu pia. Kusahau hakuna aliyeniambia, na nilipouliza katika hospitali niliyoanzia nilijibiwa, "Mama, sote tunasahau, punguza mawazo." Nikayapunguza, nikasahau vilevile. Daktari mwingine, wa mishipa ya fahamu, ndiye aliyenieleza kuwa hata Charcot, yule Mfaransa aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1868, alikwisha kuona kumbukumbu za wagonjwa wake zinadhoofika na fikra zinakuja polepole. Yaani zaidi ya miaka 150 jambo linajulikana, halafu mimi naambiwa nipunguze mawazo.

Huyo wa pili alinipa na ufunguo wa mambo. Alisema kwa wengi wetu shida kubwa iko mlangoni: jambo jipya haliingii vizuri, hasa likija haraka au ukiwa unafanya kingine. Ya zamani mara nyingi yamo. Ndiyo maana vipimo vya gauni langu la harusi navitaja bila kutazama popote, kifua 34, kiuno 26 (msiniulize vya leo), ila kidonge cha dakika kumi zilizopita siwezi kuapa kama nimekimeza.

Na kidonge chenyewe si cha kubahatisha. Natumia baklofeni, dawa ya kulegeza misuli, mara tatu kwa siku. Mchana mmoja nimeshika glasi ya maji, mteja akaingia na doti mbili na picha ya mshono kwenye simu, anataka mikono ya puto. Alipoondoka glasi ilikuwa tupu. Nimemeza au nimekunywa maji tu? Nikaona heri nimeze. Saa kumi jioni miguu ilikuwa mlenda, macho hayafunguki, nikalala juu ya meza ya kukatia na shavu langu juu ya gauni la mtu la sendofu. Mwanafunzi wangu alidhani nimezimia.

Baada ya hapo nikaingiwa na woga, kila nikiwa na shaka naruka. Siku mbili hivi. Mfamasia aliposikia alinifokea kama mtoto: baklofeni haiachwi ghafla, mtu anaweza kupata degedege au kuanza kuona vitu visivyokuwepo. Kwa hiyo ukizidisha umekosea, na ukiruka umekosea. Hapo ndipo nilipopanda daladala kwenda Kariakoo.

Kabla ya kisanduku nilijaribu daftari la kaunta, lile lile la vipimo, nyuma nikachora mistari ya dawa. Kwa vipimo daftari halina mpinzani, mpaka leo sikati kitambaa bila kulifungua. Kwa dawa lilinidanganya. Nilikuwa naweka alama ya vema kabla ya kumeza ili nisisahau kuweka alama, halafu nasahau kumeza. Kisanduku hakiandikwi. Chumba kina kidonge au hakina, na huwezi kukitoa kidonge kwa maneno. Saa nane na nusu nikipatwa na shaka natazama: mchana uko wazi, basi nimeshameza, naendelea na pindo langu. Amani ya jambo hilo ndiyo niliyoinunua kwa 12,000, na ningelipa hata ile 15,000.

Sasa kasoro zake, nazo zipo.

Herufi za siku. Vifuniko vimechapwa kwa Kiingereza, herufi moja moja: S, M, T, W, T, F, S. T mbili, S mbili! Aliyekibuni hiki kitu kwa ajili ya watu wanaosahau, yeye alikuwa anawaza nini? Wiki ya kwanza nilikula vidonge vya Alhamisi siku ya Jumanne. Vidonge ni vile vile, sikudhurika, lakini Alhamisi nikakuta pako wazi, nikaamini nimeshameza. Nikasema nitaandika kwa Kiswahili, nikakuta kwetu ni J tano: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Nikahamia namba, moja hadi tano, kama majina yenyewe yanavyohesabu. Nikafika Alhamisi nikakwama, maana Alhamisi nayo ni tano, ya Kiarabu. Wiki yetu ina tano mbili, na mimi nilikuwa sijaligundua hilo miaka yote hii. Mwishowe nikafanya kifundi: nikakata vipande vya kitenge ukubwa wa ukucha, nikagundisha juu ya vifuniko, kila siku na kitambaa chake. Ijumaa nimeipa kipande cha kanga nyeupe na nyeusi. Jumatatu ina maua ya njano ambayo siyapendi, kama siku yenyewe. Tangu hapo sijachanganya siku. Maandishi yao ya wino yalifutika mwezi wa tatu, wala sikuyalilia.

Vifuniko ni vigumu kwa vidole vyenye ganzi. Vinatoa sauti nzuri ya "ta!" vikifunga, na hiyo naipenda kwa sababu nasikia kuwa pamefungwa, lakini kufungua natumia ncha ya mkasi mdogo. Ukilazimisha, kinaruka na kidonge kinaenda chini ya cherehani. Cha Jumatano kilivunjika bawaba kabisa mwezi wa tisa.

Unyevu ni jambo la kuuliza kwa mfamasia wako kabla hujamimina dawa zote humo, hasa sisi wa Pwani. Dawa nyingine hazitaki kutolewa kwenye ganda lake mpaka saa ya kumezwa. Yangu moja iko hivyo, kwa hiyo naikata na ganda lake kwa mkasi na kuitumbukiza hivyo hivyo. Pembe za ganda ni kali na chumba ni kidogo, kinafunga kwa shida. Tena hakina kizuizi chochote cha watoto. Mtoto wa dada yangu wa miaka mitatu alikifungua haraka kuliko mimi. Sasa kinakaa juu ya kabati, na safu ya siku husika tu ndiyo inashuka kwenda kazini.

Kingine mkijue mapema: kisanduku hakiiti. Kitakaa kimya na kidonge chake tumboni mpaka usiku. Lazima kiwe na kengele pembeni, nami naweka ya simu, saa mbili asubuhi, saa nane mchana, saa mbili usiku. Sheria yangu ni moja: kengele haizimwi mpaka kidonge kiwe mdomoni. Iache ilie. Wateja wakinung'unika nawaambia hiyo ni simu ya mkopo. Zamani nilikuwa nazima kwanza, kisha nainuka, na katikati ya kuzima na kuinuka wazo linakuwa limekwisha kwenda zake.

Mdogo wangu aliyeko Maskati aliniletea kile cha umeme, cha duara, kinachojifunga na kulia chenyewe. Kizuri, cha heshima. Nikakitegeshea saa nane mchana kwa kubonyeza 8:00. Kikawa kinalia saa mbili asubuhi, siku tatu mfululizo, na siku tatu hizo nikawa nakilaumu kuwa ni kibovu. Baadaye betri ziliisha, na kikabaki na dawa zangu kimezifungia ndani, mpaka mume wangu akakibandua kwa bisibisi. Anayeweza kukitawala akinunue. Mimi nilirudi kwenye plastiki yangu.

Chumba cha mchana ndicho kilichonifundisha mengi. Kila Ijumaa jioni, kabla ya kujaza, nahesabu vilivyobaki. Miezi ya baridi ya Juni na Julai nilikuwa nakuta kimoja, pengine hakuna. Januari na Februari nikaanza kukuta vitatu, vinne, na vyote vya mchana. Nikampelekea daktari hesabu hiyo. Akaniuliza banda langu limeezekwa kwa nini. Bati. Na mchana nafanya kazi gani? Napiga pasi. Joto la mwili likipanda hata kidogo, neva zilizochubuka zinapitisha ujumbe kwa tabu zaidi, na akili inakuwa uji, ukipoa inarudi. Jicho langu nalo lilikuwa linafanya hivyo hivyo kila nikipata jua, sikujua kuwa ni kitu kimoja. Kazi ya pasi nimeihamishia asubuhi, mchana naweka kanga mbichi shingoni, na safu ya dawa naiegemeza kwenye kichwa cha cherehani ili nisiweze kushona bila kuigusa. Wiki ambayo LUKU inaisha na feni inasimama, vinabaki tena. Hapo hakuna kisanduku kitakachosaidia, ni kununua umeme.

Kujaza kunachukua dakika ishirini na sijazi peke yangu. Binti yangu anaita siku, mimi natia, kisha tunabadilishana anakagua. Redio tunazima, maana maneno mawili kwa wakati mmoja siyawezi tena. Mwanzoni niliona aibu mtoto wa darasa la sita kunihesabia vidonge. Sasa yeye ndiye ananikumbusha Ijumaa, na amenitoza soda.

Nakipa nyota nne. Ya tano nimeinyima zile T mbili.

Nimeshanunua cha pili, rangi ya bluu, kwa 10,000 (muuzaji alikuwa mwingine). Vile vipande vya kitenge nilivibandua kimoja kimoja nikavihamisha. Kile cha zamani kipo kazini: mwanafunzi wangu ametia humo bobini, kila safu rangi yake, na chumba cha Jumatano kisicho na kifuniko anatupia pini.