Malumbano ya gazetini na mipasho ya taarab: nani anamcheka nani?
Shairi la kejeli la gazetini lina adabu zake: tarbia, yaani mistari minne kwa ubeti, mizani 16 kwa mstari, vina vya kati na vya mwisho. Mmoja anauliza mbona wake wa siku hizi hawapiki, mwenzake anamjibu toleo lijalo, mhariri ndiye mwamuzi. Kwa miaka mingi malenga wengi wa kurasa hizo wamekuwa wanaume. Mwanamke huingia shairini akiwa mada. Akitaka kujibu, sharti afuate bahari ileile, yaani muundo uleule wa shairi, na vina vilevile.

Mipasho haina haja kubwa ya kuhesabu mizani, maana utamu wake umo ukumbini. Mwimbaji anafumba, hataji jina la mtu. Mwanamke anainuka na noti yake, anakwenda kumtuza kwenye ubeti uleule unaochoma, huku akimkata jicho aliyekaa meza ya pili. Hapo shairi limeshapata mwenyewe mpya! Hakutunga hata neno moja, lakini kijembe ni chake, na akiulizwa atasema kaupenda wimbo tu. (Kanga nayo inafanya kazi hiyo, ila kimyakimya.)

Tusiipambe mipasho kupita kiasi, hata hivyo. Mashairi yake mengi hutungwa na wanaume, na mshale mara nyingi unampata mke mwenza au jirani. Mume aliyeleta ugomvi anapita salama. Hata hivyo, kwa kicheko mimi nachagua ukumbi: mwenye noti mkononi hasubiri idhini ya mhariri.